Gauni la Kamba Begani

Chumba cha kushonea cha hospitali kilikuwa nyuma kabisa, kimebanwa kati ya chumba cha kufulia na stoo ya vitanda vibovu. Dirisha lilikuwa moja, nalo lilitazama kamba za kuanikia mashuka. Humo ndimo alimokaa kwa miaka mingi mwanamke mmoja mfupi, mnene kiasi, ambaye watu wote walimwita Mama Pindo, kwa sababu hapakuwa na kitu kilichomkera duniani kama pindo lililofumuka. Hata akikutana na daktari mkubwa koridoni, macho yake yalishuka kwanza kwenye suruali. "Habari za asubuhi, daktari. Huo uzi utakukwaza siku moja," humwambia, na daktari husimama palepale ashonwe akiwa ameivaa.

Kazi yake haikuwa kubwa machoni pa watu. Kuziba mashuka, kubadilisha lastiki, kukata mapazia yaliyochakaa yawe vitambaa vya kufutia meza. Lakini aliifanya kama mtu aliyesimama mbele za Mungu. Asubuhi, kabla mguu haujagusa pedeli, alifumba macho akasema neno moja au mawili, akapuliza vumbi kwenye bobini, kazi ikaanza. Kitambaa kwake kilikuwa amana. Baba yake, aliyemfundisha ufundi alipomaliza darasa la saba, hakumruhusu kushika mkasi mwaka mzima. Alimpa kazi ya kufumua tu, mpaka akajua uchungu wa nguo iliyokatwa vibaya.

Basi mtu wa namna hiyo, fikiria alivyojisikia siku alipoanza kuletewa magauni ya wagonjwa yamekatwa.

Hayakuchanika, yalikatwa. Kuanzia shingoni, juu ya bega, mpaka mwisho wa mkono wa gauni, mstari mmoja ulionyooka kama umepigwa rula. Mara upande wa kulia, mara wa kushoto. Jumatatu ya kwanza yalikuja manne, ya pili saba. Akayashona, akapiga mshono mara mbili, yakarudi stoo. Jumatatu iliyofuata yakaja yaleyale, yamekatwa palepale, juu ya mshono wake.

"Huyu ananitafuta," alimwambia Mzee Pasi, mpiga pasi wa chumba cha pili, mtu mrefu mwenye maneno mengi.

"Nani akutafute wewe? Hata wezi hawajui kama huku kuna mlango."

"Cheka tu. Nashona, anakata. Nashona, anakata. Kama si dharau hiyo ni nini?"

"Si uende wodini ukamuulize."

"Niende wodini mimi, nikafanye nini?"

Kutoka kwenye kiti chake mpaka wodi ya wazee ilikuwa ni kuvuka uwanja wa kuanikia nguo na kupanda ngazi tatu, basi. Dakika mbili kwa mtu mwenye goti bovu. Lakini watu wa nyuma walikaa nyuma. Vitu vilimjia kwa toroli na vikaondoka kwa toroli, na katika miaka yote ile Mama Pindo hakuwahi kumwona mgonjwa amevaa gauni aliloliziba. Kwa hiyo alishona ile mikato miezi mitano, moyo unamchemka, na hakuvuka uwanja.

Alikokwenda ni kwa mtu wa stoo, ambaye mlango wake ulikuwa hatua sita kutoka kwake. Mtu wa stoo naye alikuwa amebanwa. Magauni yalikuwa yakipungua na alikuwa hajui atasema nini kwa wakubwa. Aliposikia kwamba yuko anayekata, alifurahi kama ameokota pesa. Haikuchukua siku tatu akajulikana: nesi mmoja wa zamu ya asubuhi, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye miaka karibu arobaini. Tangu siku hiyo hospitali nzima ikamwita Sista Mkasi.

Sista Mkasi alipoitwa mbele ya metroni, mkuu wa manesi, hakukana. Alisema mgonjwa akiwa na dripu mkononi na gauni likalowa, halivuliki. Mkono wa gauni ni mwembamba, chupa haipiti, mpaka uchomoe sindano. Na wazee mishipa yao inajificha. Ukichomoa, utamchoma mara tatu, mara nne, ndipo uupate tena. Kwa hiyo anakata. Metroni alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama alikuwa na kibali cha kukata mali ya hospitali. Hakuwa nacho.

Mama Pindo hakuwemo chumbani wakati maneno hayo yanasemwa. Yeye aliletewa karatasi tu, imeandikwa kwamba fundi anathibitisha magauni thelathini na moja yamekatwa kwa makusudi. Akaisoma mara mbili, akasaini kwa mwandiko wake mzuri. Hapakuwa na neno la uongo ndani yake hata moja, na baadaye hilo ndilo lililomtesa zaidi. Sista Mkasi aliandikiwa barua ya onyo. Jina lake likafutwa kwenye orodha ya manesi waliokuwa waende kusomea upasuaji, akapelekwa zahanati ya mbali ambako basi lilifika mara mbili kwa wiki. Magauni yakaacha kukatwa. Mama Pindo akamshukuru Mungu.

Ilipita miaka miwili, mama yake mzazi akaanguka uani, akalazwa katika wodi ileile ya wazee, kitanda cha dirishani.

Siku ya pili gauni lake lililowa. Akaja nesi kijana, mpole, mwenye sauti ya chini. Akachomoa sindano, akamvua bibi, akamvisha gauni kavu, kisha akaanza kuutafuta mshipa. Akachoma. "Samahani, bibi." Akachoma tena. "Samahani, bibi, nivumilie." Mara ya nne ndipo damu ikaonekana kwenye mpira wa dripu. Bibi hakulia. Aligeuza uso ukutani tu, na Mama Pindo akamshika unyayo, maana hapakuwa na sehemu nyingine ya kushika. Jioni gauni likalowa tena.

"Mwanangu," bibi akasema, "si wewe ndiye fundi wa hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mwambie huyu mtoto alikate tu hili gauni. Nguo gani hii isiyojua kama mtu anaumwa?"

Mama Pindo alisimama kama aliyemwagiwa maji. Kutoka shingoni, juu ya bega, mpaka mwisho wa mkono. Ule mstari vidole vyake vilikuwa vinaujua kuliko macho yake yalivyoujua. Alikuwa ameufunga kwa uzi mara zaidi ya thelathini, na kila mara alipoufunga, palikuwa na mzee mmoja mahali fulani aliyechomwa upya.

Alikwenda chumbani kwake mbio mbio. Akatoa gauni zima, akalikata mabega yote mawili bila hata kuchora chaki, akapinda kingo, akashonea jozi tano za kamba kila upande. Kengele ya wageni kutoka ilikuwa haijapigwa aliporudi. Nesi alifungua kamba, akalitandaza gauni juu ya mkono bila kugusa sindano, akafunga. Bibi akajitazama. "Sasa hii ni nguo," akasema. Aliivaa siku tisa, ikibadilishana na nyingine mbili alizoshona bintiye, mpaka Mungu alipomchukua.

Msiba ulipokwisha, manesi wa wodi ya wazee walikuja chumba cha nyuma wenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea, kuomba magauni zaidi. Wakafuata wa wodi ya akina mama, kisha wa upasuaji. Mwaka haukuisha, watu kutoka hospitali nyingine wakawa wanakuja na karatasi kuchukua ramani yake. Mwanzo liliitwa gauni la Mama Pindo. Baadaye midomo ikafupisha. "Leta Mama Pindo mbili kitanda cha nne," ndivyo walivyosema, na mwenyewe akisikia alicheka kwa aibu.

Mwishoni ikaandaliwa siku ya kumpongeza. Viti vilipangwa, meza ikawekwa kitambaa, cheti kikaletwa kwenye fremu. Mganga mkuu alimpa kipaza sauti. "Hebu tuambie, mama yetu. Wazo hili ulilipata wapi?"

Jibu alikuwa nalo. Siku tatu alikuwa amelibeba kifuani, na alfajiri ile ile alikuwa amemwambia Mungu katika sala kwamba leo atalisema, kwamba wa kwanza kujua bega linapaswa kufunguka si yeye, ni nesi fulani aliyefukuzwa wodini kwa saini yake. Akafungua mdomo. Mstari wa mbele alikaa metroni, mikono mapajani. Pembeni yake mtu wa stoo alikuwa akitabasamu.

"Mungu tu alinijalia," akasema.

Watu wakapiga makofi. Wengine wakasema amina.

Nani angemlaumu mtu kwa jibu kama hilo? Ndiyo maana lilimkaa kooni. Wengine wakikosa hujificha nyuma ya mlango, au nyuma ya ugonjwa. Yeye alijificha nyuma ya Mungu mwenyewe, na alijua kwamba Mungu anaona mpaka huko nyuma. Tangu hapo, sala zake zilifika mahali zikakwama, kama uzi wenye kifundo unaogoma kupita tundu la sindano. Binti yake alitaka kutundika cheti sebuleni; mama akasema msumari hautashika kwenye ule ukuta. Mwaka hadi mwaka alisema atamwandikia Sista Mkasi barua. Alijiambia hajui anwani, ingawa gari la dawa lilikwenda kwenye ile zahanati kila mwezi, na dereva wake alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta.

Akastaafu. Mwaka uliofuata, kwenye foleni ya kupima macho, nani akakaa benchi moja naye kama si Mzee Pasi, mgongo umepinda lakini maneno yako palepale.

"Unamkumbuka Sista Mkasi wako?"

"Si wangu."

"Haya, si wako. Amestaafu naye. Amejenga huku nyuma ya kiwanda cha matofali, anafuga kuku. Juzi nimenunua mayai kwake. Anakuulizia."

"Anauliza nini?"

"Kama bado una macho."

Mama Pindo hakupata usingizi mzuri wiki ile. Jumamosi asubuhi alikunja gauni moja la kamba, akalitia mfukoni, akapiga moyo konde akaenda.

Alimkuta Sista Mkasi uani, amechuchumaa kati ya maboksi ya vifaranga, miwani puani, kichupa kidogo mkononi. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe, lakini urefu ulikuwa uleule.

"Hodi hapa."

"Karibu, ila angalia unapokanyaga. Huyo hajapata chanjo. Hebu nishikie. Usimshike shingo, shika mabawa. Utamuua kwa hofu kabla ya siku yake."

Mama Pindo akamshika. Tone moja likaingia kwenye jicho la kifaranga, kikapepesa. Wakamaliza sita bila neno la maana.

"Dada," Mama Pindo akaanza, "nadhani hunikumbuki."

"Nakukumbuka. Umeingia getini umetazama pindo la gauni langu kabla hujanitazama usoni. Lete mwingine."

"Ile karatasi nilisaini mimi."

"Najua. Walinionyesha. Una mwandiko mzuri."

"Nimekuja kukuomba msamaha. Na si kwa karatasi tu. Waliniuliza mbele za watu wazo nimelitoa wapi, nikakuficha."

Sista Mkasi alifuta kidole kwenye kitambaa. "Msamaha nilishautoa. Hasira ina kazi nyingi, na mimi nina kuku. Lakini nisikudanganye, kule kusoma nilikutaka sana. Nilikuwa nimeshanunua mpaka viatu." Akatikisa kichupa. "Ila kilichoniuma kwako si saini. Ni vile vikaratasi."

"Vikaratasi gani?"

"Usinifanyie hivyo, mama. Nilivyokuwa nakubania begani kwa pini, kila gauni nililokata. *Fundi, tafadhali usishone hapa, weka kamba.* Ukashona. Nikasema labda mwandiko wangu mbovu, nikaandika kwa herufi kubwa. Ukashona. Nikasema huyu mtu ana kiburi ambacho sijakiona."

Kifaranga kilipiga kelele, na Mama Pindo akagundua alikuwa amekibana. Akakiachia. Alikuwa anaziona zile pini. Zilikuja begani kila Jumatatu, na chini ya kila pini kidonge cheupe kigumu, kama kitu kilichotafunwa. Alivibandua kwa ukucha akavitupa. Pini alizihifadhi kwenye kopo, zilikuwa nzima na nzuri, na alikuwa hata amemshukuru Mungu kwa pini za bure.

"Dada yangu," akasema polepole, "nguo zilikuwa zinachemshwa kwanza. Zinafuliwa, ndipo zinakuja kwangu. Karatasi zilifika zimekuwa rojo lililokauka."

Sista Mkasi akavua miwani. "Zinafuliwa kwanza."

"Zote."

"Nesi mzima," akasema, "miaka yote nimekuwa natupa nguo kwenye lile pipa, na sikuwahi kuuliza zinaanzia wapi." Alitaka kucheka, kicheko kikaishia njiani.

Baadaye akanyoosha mkono. "Nionyeshe basi. Najua umekuja nalo."

Alilitandaza magotini, akapitisha kidole kwenye kingo, akafungua na kufunga. "Kazi safi sana," akasema. Halafu uso wake ukabadilika, ukawa uso wa kazini. "Vaa. Juu ya nguo zako, haidhuru. Lala hapo kwenye benchi, ubavu wa kushoto."

Mama Pindo akalala. Jirani aliyepita nje ya ua alichungulia, akaamua hayamhusu.

"Unasikia nini?"

"Fundo. Linanichoma begani."

"Kwenye mfupa. Na wewe una nyama, nisamehe. Mzee hana. Na wa dripu analalia upande mmoja siku nzima, ule wa pili una sindano. Lile fundo linamla." Alimwinua kwa mikono miwili kama anavyoinuliwa mgonjwa. "Ungeushusha mstari mbele, vidole vitatu tu, fundo likae hapa juu ya kifua. Ningekwambia siku ya kwanza, kama ungekuja kuniuliza."

Mama Pindo alibaki amekaa kwenye benchi, gauni bado liko mwilini. Katika zile siku tisa, mama yake alikuwa akisema, begani pananichoma, mwanangu, nigeuze. Walimgeuza wakamgeuza. Siku ya kumwosha walikuta alama nyekundu, pana kama kifuniko cha chupa, juu ya bega la kushoto. Waosha maiti wakasema ni ugonjwa, naye akasema ni ugonjwa.

"Mama yangu alililalia," akasema.

Sista Mkasi hakukimbilia kusema pole. "Siku ngapi?"

"Tisa."

"Pole, dada yangu." Akaketi kando yake, akamshika mkono. Kisha akasimama, kwa sababu chanjo ikishafunguliwa haisubiri, na vifaranga vilikuwa vimebaki ishirini.

"Nitakwenda hospitali," Mama Pindo akasema walipofika kwenye boksi la mwisho. "Nitawaambia ni lako."

"Utamwambia nani? Metroni alishafariki. Faili langu limefungwa na barua yao ndani. Lakini sema kama unataka. Anza na bega."

Jumatatu alikwenda. Katika chumba cha nyuma alimkuta fundi mpya, msichana mstaarabu, hana kazi nyingi. Magauni siku hizi yalikuja tayari kutoka kiwandani, yamefungwa kwa marobota, mia tano mia tano. Alifungua robota moja. Kamba zilikuwa juu ya bega kabisa, jozi tano, kama alivyozipanga yeye siku ile ya haraka. Hata kile kishono cha kona alichokuwa akikiweka kwa mazoea tu, bila sababu, walikiiga.

Mganga mkuu wa sasa alimpokea vizuri, akamletea kiti. Alisikiliza habari ya Sista yote, akasema ni habari ya kugusa moyo. Kuhusu jina, akasema watu wameshazoea. Kuhusu bega, akasema ramani ilikwishapitishwa na imesambaa mahali pengi, lakini ataandika barua.

Tangu hapo Mama Pindo huja kila Jumanne na Alhamisi, halipwi, hakuombwa. Anakaa kwenye kona ya chumba chake cha zamani, anafumua kamba begani, anaziba pale, anakata upya vidole vitatu mbele, anapinda, anashonea tena. Macho yakiwa mazuri anamaliza magauni sita au saba kwa siku. Kila nesi mgeni akiingia, Mama Pindo humwambia, "Hili si langu. Lilianzwa na Sista mmoja wa wodi ya wazee." Wanamsikiliza kwa adabu, kama watoto wazuri wanavyomsikiliza bibi.

Alhamisi iliyopita aliingia mmoja na toroli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimetumwa Mama Pindo kumi za wodi ya wazee. Wamesema zile ulizoshusha kamba."

Mama Pindo akahesabu zilizokunjwa juu ya meza. Akahesabu tena, kana kwamba zingeongezeka.

"Ziko sita."

"Haidhuru, mama. Nne nitachukua za kawaida."

Nesi akavuta nne kutoka kwenye robota, akaziweka juu ya zile sita, akaaga, akasukuma toroli lake. Mama Pindo akalivuta gauni la saba, akaingiza wembe kwenye mshono. Mawazo yalikuwa kwa wale wazee wanne, ni akina nani, na leo wamelalia upande gani.